Mikono Midogo Kwenye Mti wa Krismasi

Mwezi huu barua nyingi za wasomaji wa safu hii zinahusu jambo moja: namna ya kupamba mti wa Krismasi nyumbani kwenye watoto wadogo. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu ndani yake nimeona maswali ya wengine wengi.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kike mwenye umri wa miaka mitano na wa kiume aliyetimiza miaka miwili hivi karibuni. Mwaka jana niliazimia kwamba tungepamba mti sote pamoja, jioni moja baada ya chakula. Haikupita robo saa, shughuli ikageuka ugomvi. Mkubwa alitaka kila pambo alitundike yeye, mdogo akavuta waya wa taa akitaka kuuvaa shingoni, kipira cha kioo kikaanguka kikapasuka, nami nikapaza sauti. Niliwapeleka kulala wakilia, nikamalizia peke yangu. Mti ulipendeza, lakini kila nilipoutazama moyo uliniuma. Je, mwaka huu niupambe wakiwa wamelala ili waamke waukute tayari, au ipo namna ya kuwashirikisha bila vurugu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pamba nao. Nalisema hilo mapema, kwa sababu yaliyotokea mwaka jana hayakutokana na utukutu wa watoto wako wala na upungufu wako wa uvumilivu. Yalitokana na mpangilio wa kazi. Ulikusanya katika jioni moja kazi tatu zilizo mbalimbali, yaani kusimamisha mti, kuzungusha taa na kutundika mapambo, na katika hizo tatu ni moja tu iliyo ya watoto. Wakati wa zile mbili nyingine hawakuwa na la kufanya ila kungoja, na mtoto wa miaka miwili hajui kungoja. Akiona waya unang'aa mbele yake, atauvuta.

Kwa hiyo usimamishe mti na kuzungusha taa siku moja kabla, watoto wakiwa wamelala au wametoka. Taa zianzie chini, upande ilipo soketi, zipande kuelekea kileleni, na waya upitishwe ndani karibu na shina badala ya kwenye ncha za matawi, ili mkono mdogo usiufikie kwa urahisi. Ukiweza kuchagua, chukua taa za LED, maana hazipati joto kama zile za balbu za zamani, na mtoto akizigusa hazitamuunguza. Kazi hii ya kuwasha mti imekuwa ya watu wazima tangu kale. Kabla ya umeme mti uliwekewa mishumaa halisi, na katika nyumba nyingi za Ujerumani na Uingereza za karne ya 19 watoto waliwekwa nje ya mlango uliofungwa mpaka mti uwe tayari. Ni mwaka 1882, mjini New York, ndipo Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, alipowasha mti nyumbani kwake kwa balbu 80 za umeme, nyekundu, nyeupe na za bluu. Wazo lako la watoto kuamka na kuukuta mti tayari, basi, ni wazo la zamani lililokuwa na sababu yake, nayo ilikuwa moto. Sababu hiyo wewe leo huna.

Jambo la pili ni saa. Baada ya chakula cha jioni mtoto wa miaka miwili amechoka, na uchovu wake hauonekani kama wetu, kwani hujitokeza kwa ukorofi. Chagua asubuhi, au baada ya usingizi wake wa mchana. Wala usitarajie atasimama penye mti kwa saa nzima. Atatundika mapambo mawili au matatu, ataondoka kwenda kuchezea kifuniko cha sanduku, kisha atarudi. Mwache aende, na umwache arudi. Hakuna sheria inayosema mti ukamilike siku moja, na kwa watoto wa umri huu nadhani siku tatu za dakika kumi kumi zina faida kuliko jioni moja ya saa mbili.

La tatu ndilo ninalolipa uzito kuliko yote: chagua mapambo kabla watoto hawajaingia chumbani. Chukua sanduku lenye vitu ambavyo, vikianguka, hakuna atakayeshtuka: vya kitambaa, vya mbao, vya kadibodi, vya sufi. Vipira vya kioo vya urithi wa familia vibaki kabatini mwaka huu na hata ujao. Ukishafanya hivyo hutakuwa na haja ya kusema "usiguse", na utaona jinsi chumba kinavyotulia neno hilo likikosekana. Mtoto anayeambiwa "shika, tundika unapopenda" ndiye huyo huyo aliyekuwa akivuta waya. Kilichobadilika ni kwamba sasa mikono yake ina kazi.

Ondoa vile vikulabu vya chuma vilivyokuja na mapambo, maana vinachoma, vinaweza kumezwa, na mtoto wa miaka miwili hawezi kuviingiza tawini. Badala yake funga kitanzi cha utepe au cha uzi mnene, chenye nafasi ya kupitisha vidole vyako vitatu, basi. Kitanzi kikiwa kirefu zaidi ya hapo kinaweza kupita kichwani mwa mtoto. Kisha mwonyeshe kwa utaratibu. Utaona kwamba mwanzoni atalishika pambo lenyewe katikati na kulisukuma tawini kana kwamba mti utalipokea wenyewe. Geuza mkono wake taratibu mpaka ashike kitanzi, kisha wewe ushikilie ncha ya tawi isitikisike. Atatoa ulimi kidogo, atakosea mara mbili, na kitanzi kitakapoingia atarudi nyuma hatua moja kulitazama kabla hajakutazama wewe. Hapo usiseme lolote kwa haraka. Mpe nafasi alione.

Kuhusu ugomvi wa nani atundike nini, gawa mti. Matawi ya chini, yanayofikiwa na mdogo akiwa amesimama sakafuni, ni yake peke yake. Ya kati ni ya dada yake. Ya juu ni yako, na nyota ya kileleni iwekwe na mtoto aliyebebwa na mtu mzima, kwa zamu ya mwaka hadi mwaka, na zamu hiyo iandikwe mahali isije ikaleta ubishi. Binti wa miaka mitano anastahili pia kazi inayomtambua kuwa mkubwa. Anaweza kukata kwa mkasi usio na ncha, kuhesabu, kupanga rangi, na kumkabidhi mdogo wake pambo moja baada ya jingine kutoka sandukuni. Hili la mwisho usilidharau. Dada aliyekabidhiwa ugavi hugombania mapambo mara chache kuliko dada aliyeambiwa awe na subira.

Sasa nikueleze jambo ambalo ningependa ulishike hata kama mengine utayasahau. Mwanangu wa pili alipokuwa na miaka minne, alitundika mapambo yake yote, tisa nadhani, kwenye tawi moja la upande wa kushoto, mpaka tawi likainama likakaribia sakafu. Usiku ule niliyatoa nikayasambaza ili mti ulingane. Nilifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyonyoosha shuka lililokunjamana. Asubuhi alisimama mbele ya lile tawi, akalishika, akaniuliza, "Walikuwa pamoja. Nani amewatenganisha?" Kumbe yale mapambo tisa yalikuwa familia, na tawi lilikuwa nyumba yao. Nilimwomba radhi na tukayarudisha moja moja, lakini mwaka ule hakutundika tena kitu kingine, wala sikuthubutu kumlazimisha.

Kwa hiyo, mwanangu, usiupange upya usiku. Tawi likielemewa, lifunge kwa uzi kwenye tawi la juu yake, na mzigo ubaki pale alipouweka mtoto. Kama upande mmoja una vitu vingi na mwingine mtupu, uache. Ukitamani mti wenye ulinganifu, na kutamani hivyo si kosa, weka mti mdogo wako mwenyewe mahali pengine na uupambe upendavyo. Huu mkubwa uwe wao.

Na kama watapenda kutengeneza mapambo yao, anza na minyororo ya karatasi: vipande vya upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 15, kila kimoja kikunjwe kiwe pete na kupitishwa ndani ya pete iliyotangulia, mkubwa akibandika kwa gundi na mdogo akibana kwa vidole hadi ikauke. Unga wa chumvi nao ni kazi nzuri. Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi na takriban kikombe 1 cha maji yanayotiwa kidogo kidogo, vikandwe, visukumwe hadi unene wa nusu sentimita, vikatwe maumbo na kutobolewa tundu la utepe, kisha vikaushwe ndani ya oveni yenye joto la nyuzi 100 kwa saa mbili hadi tatu. Kaa nao muda wote unga ungali mbichi, kwa maana una chumvi nyingi mno na mtoto mdogo hapaswi kuula. Kiganja cha mwanao wa miaka miwili kikigandamizwa kwenye duara la unga huo, utakuwa na pambo ambalo baada ya miaka kumi hutalibadilisha na lolote.

SWALI: Habari za kazi, Mama Mshauri. Binti yetu ana miezi tisa na ameanza kutambaa kwa kasi. Juzi alijiinua kwa kushika mguu wa meza. Mke wangu anaona tuache mti mwaka huu, mimi natamani tuuweke. Nyumba yenye mtoto wa umri huu inaweza kuwa na mti salama?

JIBU: Nzuri, baba. Inaweza, lakini hofu ya mkeo ina msingi, nami ningekuomba uisikilize kwanza kabla ya kuupanga mti. Mtoto anayejiinua kwa kushika mguu wa meza atajiinua pia kwa kushika tawi, na tawi halitamhimili. Njia rahisi ni mti mfupi juu ya meza nzito au kabati, mbali na ukingo, pasipo kitambaa kinachoning'inia ambacho anaweza kukivuta. Mkitaka mti mrefu, kisimamio chake kiwe kizito na kipana, na sehemu ya juu ya shina ifungwe kwa kamba imara kwenye kulabu iliyopigiliwa ukutani. Usiutegemeze kwenye pazia.

Kama mti ni wa kukatwa, msonobari au jamii yake, kata tena kipande cha sentimita 2 au 3 chini ya shina kabla ya kuusimamisha, kwa sababu utomvu huziba pale palipokatwa mwanzo na maji hayapandi. Mti wa namna hiyo hunywa sana: shina la kipenyo cha sentimita 10 linaweza kuhitaji karibu lita 4 kwa siku. Mti uliokauka hushika moto upesi, hivyo uwe umbali usiopungua mita 1 kutoka kwenye jiko, hita au mshumaa, na taa zizimwe kila mnapolala au mnapotoka. Yale maji ya kisimamio yafunikwe vizuri. Mtoto wa miezi tisa atayafikia kwa kinywa.

Matawi yote anayoweza kuyafikia yaachwe bila pambo, au yawekewe vitu vikubwa vya kitambaa visivyo na vifungo wala shanga. Kipimo cha haraka ni bomba la kadibodi linalobaki karatasi ya chooni inapokwisha. Chochote kinachoweza kupita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3, na hakina nafasi kwenye matawi hayo wala sakafuni chini yake.

Hapa naomba tusimame kidogo kwenye betri. Mishumaa ya bandia, rimoti za taa, kadi zinazoimba na mapambo mengi yanayowaka hutumia betri bapa za mviringo mfano wa sarafu, na zile za kipenyo cha milimita 20 ndizo zinazotisha kuliko zote. Ikimezwa ikakwama kwenye umio, unyevu wa mwili huukamilisha mkondo wa umeme, na pale betri inapogusa nyama hutokea kemikali kali inayounguza. Madhara makubwa yanaweza kufanyika ndani ya saa 2. Mara nyingi hakuna aliyeona ikimezwa, na dalili huwa ni kikohozi, mate kumtoka mtoto au kukataa kunyonya, mambo ambayo mzazi huyadhania ni mafua. Kagua kila pambo lenye betri: kifuniko kiwe kimekazwa kwa skrubu. Lisilo na skrubu liondoke nyumbani, si kutoka kwenye mti tu. Na mkihisi tu kwamba betri imemezwa, msimtapishe wala msingoje muone. Nendeni hospitali saa hiyo hiyo na mueleze kwamba ni betri.

Binti yenu hatatundika kitu mwaka huu. Mama yake ampakate au umpakate wewe, mwingine akiwasha taa, na mtazame uso wake. Huo ndio mchango wake kwa sasa, nao unatosha.

SWALI: Salaam, mwenzangu. Mimi ni bibi wa wajukuu wanne walio chini ya miaka sita, nao watakuja kwangu Krismasi hii. Nina sanduku la mapambo niliyoyarithi kwa wazazi wangu: vipira vya kioo, tepe za fedha zinazoning'inia, nywele nyeupe za kung'aa na taa za zamani ambazo bado zinawaka. Natamani wajukuu wazishike historia zao kwa mikono. Kuna ubaya?

JIBU: Salaam sana, dada. Nakuelewa kabisa, na kwa upande wa vipira vya kioo sina pingamizi, mradi viwe matawi ya juu na wajukuu wavishike mmoja mmoja wakiwa wamekaa sakafuni juu ya zulia au blanketi, nawe pembeni. Waeleze kwamba mapambo ya namna hiyo yalianza kupulizwa kwa kioo chembamba na mafundi wa Lauscha, kijiji cha milimani nchini Ujerumani, katika karne ya 19, na kwamba mng'ao wake hupakwa kwa ndani. Wape waone tundu dogo kwenye shingo ya kipira. Watoto hupenda kujua kitu kilivyotengenezwa.

Hivyo vingine, dada, naomba uviweke kando. Tepe za fedha zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1970 mara nyingi zilikuwa za madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Zikiwa nzito na zikining'inia zimenyooka kabisa, ni dalili ya kuzihofu. Nywele nyeupe huenda ni nyuzi za kioo, zinazowasha ngozi na kuumiza macho. Kama sandukuni mna theluji ya bandia ya miaka ya 1930 au 1940, usiipulize wala kuipangusa, kwani baadhi yake ilikuwa asbesto, madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu vumbi lake likivutwa. Ifunge kama ilivyo na uulize mamlaka za afya jinsi ya kuitupa. Na taa, hata zikiwaka, ganda la waya wake limezeeka, na mpasuko mdogo tu unatosha kumpiga mtu umeme au kuanzisha moto. Weka balbu moja kwenye gudulia la kioo uwasimulie juu yake. Mti uuwashe kwa taa mpya.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mwaka jana mwanangu wa miaka mitatu alilia kwa siku mbili tulipouondoa mti. Je, tumwondolee akiwa hayupo?

JIBU: Marahaba. Hapana, usimwondolee kwa siri, maana atakachojifunza ni kwamba vitu vizuri hutoweka ukigeuza mgongo. Mtajie siku mapema. Familia nyingi za Kikristo huuacha mti hadi Epifania, tarehe 6 Januari, na siku zilizobaki mnaweza kuzihesabu kwa kukata kila asubuhi pete moja ya mnyororo wa karatasi. Siku ikifika, afanye kazi ile ile aliyoifanya mwanzoni, safari hii kwa kurudi: atoe mapambo ya matawi yake, ayaviringishe kwenye karatasi laini, ayalaze sandukuni. Nyuma ya kila alilolitengeneza, mwandike jina lake na mwaka. Moja alichague libaki chumbani kwake.

Anaweza kulia hata hivyo. Mpakate, usimharakishe. Sanduku likishafungwa, mwache abandike kifunikoni karatasi aliyoichora mwenyewe, na uliweke mahali unapoweza kumwonyesha kila atakapouliza liko wapi, kwa sababu atauliza.